Kutoka Shangani hadi mashambani: tathmini ya ziara ya maisha ya Tippu Tip, Unguja

Ziara zinazouzwa katika Mji Mkongwe wa Zanzibar ni nyingi, na nyingi kati ya hizo zinafanana: milango ya nakshi, soko la Darajani, viungo, kisha machweo ya jua Forodhani. Ziara ninayoitathmini hapa imechagua njia nyingine. Waongozaji wake, ambao ni kikundi kidogo cha wenyeji, wanafuata maisha ya mtu mmoja na ukoo wake, naye ni Hamed bin Muhammed bin Juma el Murjebi, ambaye pwani na bara, hadi mashariki ya Kongo, anajulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip. Ni ziara ya nusu siku, sehemu kubwa kwa miguu mjini na sehemu ndogo kwa gari mashambani, na inafanywa kwa Kiswahili kwa wanaotaka. Niseme mapema nilichokiona: sehemu inayohusu nasaba yake imeandaliwa kwa umakini ambao sijaukuta katika ziara nyingine yoyote ya mji ule, lakini sehemu inayohusu mashamba yake na watu waliomilikiwa ndani yake imefupishwa kiasi kwamba mgeni anaweza kuondoka akimkumbuka mfanyabiashara wa pembe za ndovu tu, asijue kwamba alikuwa pia mmoja wa mabwana shamba wakubwa wa Unguja.

Matembezi yanaanzia Shangani, mbele ya nyumba yake, si mbali na hoteli ya Africa House. Nyumba hiyo haina sifa ya kasri. Ni ghorofa ya mawe na chokaa ya aina inayoonekana kila pembe ya mji, na kinachoitofautisha ni mlango wake mkubwa wa nakshi pamoja na ngazi za marumaru nyeusi na nyeupe zinazopanda kuufikia. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ilikaliwa na familia mbalimbali, na mwongozaji wetu, mwalimu mstaafu ambaye wote tulimwita Mwalimu, alituomba tusimame upande wa pili wa kichochoro ili tusizuie watu kupita na tusipige picha za madirishani. Bibi mmoja aliyekuwa amekaa barazani jirani tulimwamkia shikamoo, akatujibu na kutukaribisha, na Mwalimu hakuendelea na maelezo yake mpaka alipomuuliza hali ya nyumbani. Natamani adabu hiyo iigwe na waongozaji wote wanaopitisha makundi katika vichochoro ambavyo watu wanaishi.

Hapo ngazini ndipo Mwalimu alipotoa karatasi kubwa iliyokunjwa mara nne, akaifungua juu ya ukuta wa baraza, na kuanza kutusomea shajara, yaani mti wa nasaba, ya ukoo wa el Murjebi. Hii ndiyo thamani ya ziara nzima. Waongozaji wengi wakifika pale husema Tippu Tip alikuwa Mwarabu, wakaishia hapo, ilhali karatasi ile inaonyesha ukoo uliochanganya Maskati na pwani yetu kwa vizazi kadhaa. Rajab bin Muhammed, baba wa babu yake, alioa binti wa Juma bin Muhammed el Nebhani, mtu wa ukoo wa Maskati aliyezaa na mwanamke Mwafrika wa Mbwamaji, mji mdogo wa pwani ulio kusini ya mahali palipokuja kuwa Dar es Salaam. Babu yake, Juma bin Rajab, na baba yake, Muhammed bin Juma, walikuwa miongoni mwa watu wa pwani waliotangulia kupeleka misafara bara. Mama yake, binti Habib bin Bushir, alitoka katika ukoo wa Kiarabu wa Maskati wenye heshima, na kabla ya kuolewa na Muhammed bin Juma alikuwa ameolewa na mtu wa ukoo wa el Wardi. Ndiyo maana Muhammed bin Masud el Wardi, aliyejulikana kwa jina la Kumbakumba na aliyesafiri sana bara, alikuwa ndugu yake Hamed kwa mama.

Mwalimu hakuyasoma majina hayo kama orodha ya kukariri. Kila ndoa aliieleza kwa kazi iliyofanya. Muhammed bin Juma alipoweka makao Ituru, karibu na Tabora, alimwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira wa Unyanyembe, na kwa ndoa hiyo akawa mkwe wa utawala uliokuwa na nguvu juu ya njia kuu ya misafara. Baadaye alishiriki katika vita vilivyomwondoa mtemi Mnywa Sele na kumweka Mkasiwa. Mwanawe Hamed, aliyezaliwa Unguja katika miaka ya 1830, alianza safari fupi za biashara ya sandarusi akiwa na umri wa miaka 12 hivi, akafuatana na baba yake bara akiwa kijana, na alipopata jina na mali kidogo jamaa zake walimwoza binti Salum bin Abdallah el Barwani, ambaye ukoo wake ulikuwa na mali Unguja na Maskati. Kwa maelezo haya mtu anaelewa kwamba utajiri ule haukujengwa na bunduki peke yake. Ulikuwa na wakwe, wajomba na mahari, na kila hatua ya kwenda bara ilitanguliwa na hatua ya kuunganisha nyumba mbili.

Kisha ukaja mkasa wa Utetera, ambao Mwalimu aliusimulia taratibu, na nadhani alifanya vizuri. Katika safari yake ndefu iliyoanza mwaka 1870, Tippu Tip alifika katika nchi ya Utetera, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, iliyotawaliwa na mtemi mzee Kasongo Rushie. Alikuwa amekwisha kusikia njiani kwamba zamani dada wa mtemi walitekwa vitani na kupelekwa mbali wasionekane tena. Akajitokeza kwa mzee yule kama mjukuu wa mmoja wa wanawake wale, damu iliyorudi nyumbani, na mzee akamkubali na kumwachia utawala pamoja na pembe zote zilizokuwa zikiletwa kama kodi. Habari hii haikutungwa na maadui zake. Ameisimulia mwenyewe katika tawasifu aliyoiandika kwa Kiswahili, kwa hati za Kiarabu, ambayo Heinrich Brode wa ubalozi mdogo wa Ujerumani Unguja aliitia katika herufi za Kirumi na kuichapisha mwanzoni mwa karne ya 20. Mtu aliyetajirika kwa kutenganisha watu na jamaa zao alipata himaya kwa kujifanya mjukuu wa mwanamke aliyetenganishwa na jamaa zake. Kundi zima lilinyamaza pale, na Mwalimu hakuharakisha kukivunja kimya hicho.

Kutoka Shangani tulishuka hadi mbele ya bahari, penye Zahanati Kongwe yenye roshani za mbao zilizotobolewa kwa ustadi mkubwa. Wengi hupita hapo kwa ajili ya picha. Ziara hii inapita hapo kwa sababu aliyeianzisha zahanati ile, Taria Topan, tajiri Mhindi aliyekuwa pia msimamizi wa forodha ya Sultani, ndiye aliyemkopesha Tippu Tip bidhaa za misafara yake: nguo, shanga, bunduki na baruti, kwa ahadi ya kulipwa pembe. Maelezo ya mkopo yalikuwa mafupi kuliko yalivyostahili, ila yalitosha kuonyesha kwamba deni lilisukuma msafara mbele. Anayedaiwa Unguja harudi mikono mitupu kutoka bara, na pembe zilizopatikana zilihitaji mabega ya kuzibeba, ya wapagazi wa kulipwa wa Kinyamwezi na ya mateka pia. Kwa hesabu ya Tippu Tip mwenyewe, aliposhinda vita na Nsama wa Itabwa mwaka 1867 alichukua frasila 1,950 za pembe, na frasila moja ni ratili 35 hivi. Hesabu hiyo Mwalimu aliitaja bila kuifafanua. Angetuambia kwamba ni zaidi ya tani 30, na kwamba kila ratili yake ilishuka pwani kwa miguu ya binadamu, tungeielewa vizuri zaidi.

Kituo cha tatu ni Mkunazini, kwenye Kanisa Kuu la Anglikana lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa, na hapa ndipo ziara inapoanza kulegea. Mahali penyewe hapana haja ya sifa yangu: sanamu za Clara Sörnäs za mwaka 1998, watu watano ndani ya shimo, shingoni mwao minyororo, zinamfanya kila anayezitazama ashushe sauti. Lakini maelezo tuliyopewa yalikwenda kama ya kila mtu. Tulionyeshwa vyumba vya chini vilivyo karibu na kanisa kana kwamba hakuna shaka kuwa vilikuwa maghala ya watumwa, ilhali wapo wanahistoria wanaolipinga hilo, na mgeni wa ziara ya historia anastahili kuusikia ubishi huo. La uzito zaidi ni kwamba mwaka 1873 ulitajwa kama mwisho wa utumwa. Mkataba ambao Sultani Barghash aliutia saini Juni mwaka huo, kwa kushinikizwa na Waingereza kupitia balozi John Kirk, ulifunga masoko na kupiga marufuku kusafirisha watumwa baharini. Haukumwachia huru mtumwa hata mmoja aliyekwisha kuwa na bwana Unguja au Pemba.

Kwa maisha ya Tippu Tip tofauti hiyo si ndogo. Mwaka 1873 alikuwa bara, na hakurudi Unguja mpaka 1882. Sehemu kubwa ya utajiri wake aliipata baada ya soko la Mkunazini kufungwa, chini ya sheria ambayo bado iliruhusu mtu kumiliki mtu. Mwaka 1887, wakati Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji alipomfanya wali wa eneo la Stanley Falls, pale ambapo leo ni Kisangani, soko lilikuwa limefungwa kwa miaka 14, na bado watumwa walikuwa mali ya halali katika mashamba yake. Aliporudi Unguja kwa mara ya mwisho, mwanzoni mwa miaka ya 1890, alirudi kama bwana shamba. Hutajwa kwamba kufikia mwaka 1895 alikuwa na mashamba saba na watumwa wapatao 10,000. Ziara inayomaliza utumwa mwaka 1873 inamfutia mtu huyu miaka yake yote ya umwinyi.

Hivyo nilisubiri kwa hamu sehemu ya mashambani, na ndiyo iliyonisikitisha. Gari lilitupeleka nje ya mji, upande wa Kizimbani, eneo ambalo karafuu zilipandwa mapema katika karne ya 19 na ambalo jina lake haliachani na historia ya zao hilo. Tulipokelewa kama wageni wa ziara ya viungo: tukanusa mdalasini, tukafikicha majani ya mchaichai, tukaonja iliki, mtoto wa kiume akatusukia kofia za makuti. Hakuna ubaya katika hayo, na wenyeji wale walitukirimu vizuri. Ila tulikuwa tumelipia maisha ya bwana aliyekuwa na watumwa shambani, na chini ya mikarafuu ile hatukuambiwa shamba la mtumwa lilikwendaje.

Yapo mengi ya kusema na hayahitaji jumba la makumbusho. Mkarafuu huchukua miaka sita au zaidi kabla ya kuzaa vizuri, na ukizaa hauna subira: vitumba vyake vya maua lazima vichumwe vikiwa vimeanza kuwa vyekundu na kabla havijachanua, vitenganishwe na makonyo, vianikwe juani juu ya majamvi, viingizwe ndani kila mawingu yanapotanda. Msimu ukifika kazi ya mwaka mzima inajibana katika wiki chache, na ni hapo ndipo bwana alipohitaji mikono mingi kwa pamoja. Juu ya mikono hiyo palikuwa na ngazi ya madaraka ambayo wazee wa pwani bado wanaikumbuka kwa majina, yaani msimamizi, nokoa na kadamu, na nokoa na kadamu mara nyingi walikuwa watumwa wenyewe, waliopewa mamlaka juu ya wenzao. Kwa desturi ya mashamba mengi ya Unguja, Alhamisi na Ijumaa zilikuwa siku za mtumwa kulima kikonde chake cha muhogo, na desturi hiyo ambayo husifiwa kama upole ilimwondolea bwana mzigo wa kumlisha. Palikuwa na mpaka mkubwa kati ya mzalia, aliyezaliwa pwani na kuijua lugha na dini, na mjinga, aliyeletwa karibuni kutoka bara na kuanzishiwa kazi nzito kuliko zote. Na ndani ya nyumba za mabwana palikuwa na masuria, watumwa wa kike waliofanywa vimada na mabwana zao.

Suala la masuria lilipaswa kuwa kiini cha ziara inayojiita ya nasaba. Mtoto wa suria aliyekubaliwa na bwana alizaliwa huru, akarithi kama nduguze waliozaliwa na mke wa ndoa, na akachukua jina la ukoo wa baba. Sultani Barghash mwenyewe alikuwa mtoto wa suria Mhabeshi. Mama wa mtoto kama huyo alibaki katika hadhi yake ya usuria, asiweze kuuzwa tena baada ya kuzaa, lakini asiwe huru mpaka bwana afe au amwachie. Amri ya Aprili 1897, iliyotolewa na Sultani Hamoud bin Muhammed, iliondoa nguvu ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba, ikamtaka mtumwa aende mwenyewe mahakamani kudai uhuru wake na ikaahidi fidia, fidia iliyolipwa kwa bwana. Masuria hawakuguswa na amri hiyo. Walisubiri hadi 1909, miaka minne baada ya Tippu Tip kufariki kwake Unguja mnamo Juni 1905. Nilipomuuliza Mwalimu kwa nini karatasi yake ya shajara ina majina ya mabinti wa mabwana na binti wa mtemi, na haina hata mstari mmoja mtupu kwa ajili ya masuria, alinijibu kwa unyofu, akasema, «Mwanangu, walioandika shajara hawakuwaandika.» Jibu ni la kweli, na ndilo lilipaswa kuwa katika maelezo yake ya kila siku, si katika majibu ya anayeuliza peke yake.

Kuna jambo lingine ambalo mgeni mmoja katika kundi letu alilianzisha, kwamba mtu huyu ahukumiwe kwa desturi za wakati wake. Mwalimu aliliacha lipite, nami nisingelipitisha. Wakati wake ulikuwa pia wakati wa watu waliotoroka mashamba ya pwani na kujijengea makazi yao, na wa vijiji vya Manyema, mashariki ya Kongo, vilivyohama usiku kukimbia misafara. Wao pia walikuwa wa zama zile, na wao pia walikuwa na maoni juu ya utumwa. Mtu hahitaji kumtukana marehemu ili kulisema hilo. Tippu Tip alikuwa msafiri shupavu, mwanadiplomasia hodari na msimuliaji wa Kiswahili ambaye hadi leo ni raha kumsoma, na alimiliki watu kwa maelfu. Ziara nzuri ina nafasi ya kuyabeba yote mawili.

Mwisho wa maelezo yanayomhusu mwanawe Sefu ulinipendeza. Waongozaji wengi hufunga habari na baba, lakini Mwalimu alitufikisha katika vita vya 1892 hadi 1894 kati ya majeshi ya Dola Huru ya Kongo na Waarabu na Waswahili wa Manyema, ambamo Sefu aliuawa mwaka 1893 baba yake akiwa tayari Unguja. Akaeleza kwamba Kiswahili kinachosemwa leo Kasongo, Kindu na Kisangani kilitia mizizi kwa misafara na makazi yale. Katika kundi letu alikuwamo msafiri mwenzetu kutoka Maniema, na kwake kituo hicho kilikuwa habari za nyumbani kwao, akachangia kwa sauti ya mtu aliyeyasikia hayo kwa wazee.

Kwa anayetaka kwenda: viatu viwe vya kutembelea, kwa kuwa mawe ya vichochoro yana utelezi mvua ikinyesha, na mavazi yawe ya heshima, maana njia inapita milangoni pa misikiti na ndani ya kanisa. Kiingilio cha Mkunazini hakimo katika bei, na hilo lingefaa kusemwa wakati wa kulipa. Wakaazi wa Afrika Mashariki wanatozwa kiasi cha chini kuliko wageni wa nje, na kwa vikundi vya shule wanapunguza zaidi wakiombwa. Kiswahili kiombwe siku moja kabla, kwa sababu wasipoambiwa hupanga mwongozaji wa Kiingereza, na maelezo ya nasaba hupungua sana yakitoka katika lugha yake. Watoto wadogo sana wasipelekwe kwenye sanamu bila kuandaliwa.

Ningewashauri wenye ziara hii wageuze mpangilio: asubuhi, kabla ya jua kali, waanzie mashambani kwa kazi ya karafuu, nokoa na kikonde cha muhogo, na wamkabidhi sehemu hiyo mzee wa huko anayekumbuka aliyosimuliwa na bibi zake, badala ya kuuachia muda huo mdalasini na kofia za makuti. Mlango wa Shangani na karatasi ya shajara vije mchana, baada ya wageni kuona jasho lililolipia marumaru zile. Mpaka watakapofanya hivyo, mwendee Mwalimu kwa ajili ya nasaba, na mkifika chini ya mikarafuu mumuulize ninyi wenyewe habari za masuria na za wajinga. Anazijua, na kukasirika akiulizwa si katika tabia zake.